Lifti Inayoamini Iko Ghorofa ya Saba

Jumatatu, 3 Machi

Nimesikia jambo baya. Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya kabati la ofisini, natafuta kebo, Bosi akaingia anaongea na simu. Alisema kwenye kazi za lifti mmoja tu anatosha. Mwingine atahamishwa mwisho wa mwezi. Mmoja tu! Na kwenye lifti tuko wawili, mimi na Bi Risiti.

Bi Risiti si jina lake. Nimempa mimi, na nalitumia humu tu. Kampuni yetu inaandika programu za kuendesha lifti, kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, katika chumba kimoja juu ya duka la magodoro. Programu hugawanywa vipande vinavyoitwa fanksheni. Moja inasoma vitufe, moja inaendesha mota, moja inafungua milango, moja inawasha namba ya ghorofa juu ya mlango. Sasa, vipande hivi lazima viambiane mambo. Lifti iko ghorofa gani? Mlango umefungwa? Habari hizo hukaa kwenye vigeu, yaani vikopo vyenye majina, kila kikopo na namba yake. Bi Risiti huvifungia vikopo vyake ndani ya fanksheni. Nyingine ikitaka namba, sharti ikabidhiwe mkononi, ifanye kazi yake, irudishe jibu. Pokea, toa, pokea, toa. Ndiyo maana nikamwita Risiti.

Mimi sina makuu. Vikopo vyangu vyote naviweka juu kabisa ya faili, nje ya fanksheni zote, mahali pa wazi. Anayetaka asome, anayetaka abadilishe. Huo ndio moyo mkunjufu, lakini ofisini hakuna anayeuona.

Atakayehamishwa atapelekwa wapi? Bosi hakusema. Nahisi ni kwenye meza ya simu za wateja, ile ya karibu na choo. Aliyekaa pale mara ya mwisho aliondoka akiongea peke yake. Nimeipitia leo mara kadhaa, kujifanya naenda kunawa. Kiti kina mguu mbovu.

Nyumbani, Mama dirishani. Tunaishi ghorofa ya sita, ya mwisho. Magoti yake yalishakataa ngazi, na tangu lifti ya zamani ife hajakanyaga ardhi. Mwenye jengo amenunua mota mpya, na kazi ya programu ameipa kampuni yetu, kwa sababu nilimganda mpaka akachoka. Mama ameniuliza itakuwa tayari lini. Nimesema karibu. Akasema mdogo wake anaondoka Jumamosi ya wiki ijayo, anahamia kwa binti yake, nchi ya mbali, naye anataka kwenda kukaa naye kutwa nzima kabla hajaondoka. Mama Mdogo ana moyo mbovu, daktari amemkataza ngazi. Kwa hiyo mmoja hawezi kushuka na mwingine hawezi kupanda. Hakuna aliyesema kwamba ni mara ya mwisho kuonana. Wote tunajua. Nimemwambia Mama asiwe na wasiwasi, lifti iko mikononi mwangu.

Jumanne, 4 Machi

Usingizi haukuja, lakini njama imekuja. Na ni njama nzuri mno!

Atakayebaki ni yule asiyeondoleka. Na asiyeondoleka ni yule ambaye kazi yake haieleweki na mwingine. Basi. Vigeu vyote vimepanda juu, kila fanksheni inavigusa vyote, na kila kimoja nimekipa jina la herufi moja. Ghorofa tuliyopo ni n. Mlango ni k. Uzito ni w. Mota ni x, kwa sababu naipenda x. Maelezo yote niliyokuwa nimeandika pembeni nimeyafuta. Kwa nini ghorofa iwe n? Hakuna sababu. Hapo ndipo penye uzuri wake.

Bosi alipita, akainama, akatazama, akakuna kichwa. Akasema hii ni ngumu. Moyo wangu ukaruka kwa furaha.

Baadaye Bi Risiti akaja na kikombe chake cha chai, akauliza kwa adabu n ni nini. Nikamjibu kwamba n ni n. Akasema kama kila fanksheni inaruhusiwa kuibadilisha, siku ikiharibika sitajua aliyeiharibu ni nani. Nikamwambia programu yangu inaendeshwa kwa kuaminiana. Akatikisa kichwa, akarudi kwake. Nimempiga bao la kwanza.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemaliza! Kipande cha mwisho kilikuwa kile cha kuwasha namba juu ya mlango. Namba yenyewe inaundwa na vijiti vya taa, saba, na lazima kila kimoja kikaguliwe kama kiwake au kizimwe. Kwa hiyo nilihitaji kigeu cha kuhesabia. Nikatazama juu ya faili, nikaona n amekaa tu, hana kazi kwa wakati ule. Nikamtumia yeye. Sipendi kupoteza vitu. Bi Risiti angeunda kikopo kipya kwa kazi ndogo kama hiyo, kisha akakitupa. Wapo watu hawana uchungu na mali.

Mama amepiga pasi gauni lake la kijivu. Wameshapatana na mdogo wake. Jumatatu atakwenda, atashinda kutwa, watazungumza mambo ya nyumba ya bibi na nani alichukua kile kioo cha ukutani. Wana ugomvi wa kioo tangu ujana wao. Mama anasema safari hii atakubali kwamba yeye ndiye aliyekichukua. Nilimuuliza kwa nini asiseme kwa simu. Akasema simu ni ya kupeana habari, na hii si habari.

Jumatatu, 10 Machi

Aibu. Aibu tupu.

Tulipakia programu asubuhi, mimi na fundi wa lifti, mtu ambaye jibu lake kwa kila jambo ni kuguna. Mama alikuwa juu, nje ya mlango wetu, amevaa, mkoba mkononi. Mimi nilikuwa chini. Nikabonyeza sita. Taa ikawaka vizuri sana. Namba ilipendeza! Kisha lifti, badala ya kupanda, ikashuka. Ilikuwa chini tayari, ikashuka zaidi, mpaka swichi ya usalama ya shimoni ikaikatia umeme. Tukaiwasha tena. Ikashuka tena. Fundi akaguna.

Nikaunganisha kompyuta pale ngazini, nikachungulia n. Ilikuwa saba. Lifti inaamini iko ghorofa ya saba, kwa hiyo ukiiambia iende ya sita, inashuka moja. Jengo lina ghorofa sita. Fundi alitoka nje, akalitazama jengo kuanzia chini hadi juu, kama mtu anayehakikisha.

Mama alisubiri akiwa amesimama. Kisha jirani akamtolea kiti. Nilipopanda kumweleza, alikuwa amekaa akiutazama mlango wa lifti kama watu wanavyoutazama mlango wa daktari. Aliuliza kama leo haiwezekani kabisa. Nikasema kesho. Akampigia mdogo wake kumwambia kesho, kisha akavua hereni zake moja moja na kuziweka mezani.

Jumanne, 11 Machi

Nani ameigusa n? Jana nilikuwa na hakika kwamba ni hujuma. Ijumaa Bi Risiti alikaa mezani kwangu, alisema anatafuta stepla. Stepla! Nimepekua faili asubuhi nzima. Fanksheni zote zinaigusa n. Zote! Ni sawa na kutafuta nani amekula nyama sebuleni penye wageni wengi.

Mwishowe nikamuuliza kwa kuzunguka, kama mtu anayepima uwezo wa mwenzake. Hakuchukua muda. Akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta, akasema, "Kaka, hapa unahesabia vijiti vya taa kwa n hiyo hiyo. Vijiti ni saba. Ukimaliza kuhesabu, lifti iko ghorofa ya saba."

Nikasema nilijua.

Akaeleza bila kuulizwa. Fanksheni ya taa ipewe nakala tu ya namba ya ghorofa, isome, isiweze kuharibu. Hesabu ya vijiti iwe na kikopo chake cha ndani, ambacho kinakufa fanksheni ikimaliza kazi, na hakuna wa kukililia. Ila ile ya mota, kwa kuwa lazima ibadilishe ghorofa kweli kweli, ipewe anwani ya kikopo chenyewe, ili iandike mle mle wanamosoma wengine. Anwani hiyo inaitwa kielekezi. Akasema nikimwachia atakuwa amemaliza kabla ya chakula cha mchana.

Kabla ya mchana! Na Bosi kasimama mlangoni na kikombe chake, masikio wima. Akimaliza yeye kabla ya mchana, mbele ya Bosi, unga wangu umemwagika. Nikamshukuru, nikasema marekebisho hayo nilishayaanza tangu jana.

Mama amepiga simu ofisini kuuliza. Kumbe Bi Risiti ndiye huzipokea simu zake. Wanaongea kwa muda, nimewasikia. Sipendi.

Jumatano, 12 Machi

Nimetengeneza kwa njia yangu. Hizo anwani na vielekezi ni mambo ya kujionyesha. Bi Risiti amesema dawa ni kikopo cha ndani. Sawa. Nikakiweka kikopo cha ndani, si kwenye fanksheni moja, kwenye zote! Na kila kimoja nikakiita n, ili Bosi akipita asione kwamba nimebadilisha kitu. Kompyuta haikulalamika hata kidogo. Nikajipongeza.

Tukapakia. Mama juu, amevaa tena. Nikabonyeza sita. Ikapanda! Ikapita ya pili, ikapita ya tatu. Nilimkumbatia fundi. Alinuka grisi. Ikafika ya sita, ikapita, ikaenda kujigonga kwenye swichi ya juu kabisa, umeme ukakatika. Ndani kulikuwa na sanduku la vifaa vya fundi tu, namshukuru Mungu.

Shida yenyewe ni hii. Sasa kila fanksheni ina n yake, na ukiwa na n ndani huioni tena ile ya juu. Mota inapandisha lifti, inajiandikia kwenye n yake kwamba tumefika ya pili, inamaliza zamu, na n yake inakufa na siri yake. Hakuna aliyeambiwa. Zamu inayofuata inazaliwa n mpya isiyojua lolote. Juzi lifti ilidhani iko juu ya paa. Leo haijui kwamba imeondoka chini.

Nilipofika juu nikihema, Mama alikuwa bado kwenye kiti.

"Nimeisikia imefika," alisema. "Imefika hapa, ikapita. Mbona haikufungua, mwanangu?"

Nikamwambia basi tumbebe kwenye kiti, mimi na fundi, polepole. Alikataa. Jirani wa ghorofa ya nne alibebwa hivyo mwaka jana, wakaponyokwa kwenye kona, na mkono wake haujanyooka mpaka leo. Mama alisema hatabebwa kama kabati. Akaingia ndani. Gauni la kijivu limerudi kwenye hanga, limekunjamana mgongoni kwa sababu ya kile kiti.

Ijumaa, 14 Machi

Bosi katuita wote wawili. Mwenye jengo amepiga kelele kwenye simu. Bosi akauliza swali moja tu, kosa liko kwenye programu au kwenye waya?

Nikaona Bi Risiti anafungua mdomo. Nikamwahi. Nikasema waya! Nikalisema kwa sauti ya mtu aliyechunguza. Nikaongeza kwamba shimo la lifti lina unyevu, na unyevu ukiingia kwenye waya, namba hucheza. Sijui maneno yale yalitoka wapi. Yalikuja kwa mpangilio mzuri ajabu. Bosi akaniamini. Akaagiza fundi afumue waya zote kutoka shimoni mpaka paani, zikaguliwe, zifungwe upya. Fundi akasema itakuwa Jumapili jioni, au Jumatatu.

Tulipotoka, Bi Risiti akanisubiri kwenye korido. Nilidhani atanisema. Aliniambia tu, "Kaka, kesho ndiyo anaondoka mama yako mdogo. Naweza kuitengeneza sasa hivi, wala sitamwambia Bosi."

Mtego! Mtu haokoi mwenzake bure siku hizi. Kama asingemwambia Bosi leo, angemwambia mwisho wa mwezi, siku ya kuchagua. Na mimi nilishasema waya. Ukishasema waya huwezi tena kusema si waya. Nikamjibu kwamba mambo ya nyumbani kwangu yabaki nyumbani kwangu. Akaenda zake. Hakuonekana mtu aliyekasirika, na hilo ndilo lililonichoma.

Kazi yangu nimeiokoa. Nilipanda ngazi polepole kuliko siku zote, nikapumzika kila ghorofa, ingawa sikuwa nimechoka. Nimemwambia Mama ni waya. Akasema kama ni waya ni waya. Kisha akasema mdogo wake atapita hapa kesho na teksi, akielekea uwanja wa ndege, ili angalau waonane kwa dirisha. Alitaka kujua ni dirisha lipi linaona geti vizuri, la sebuleni au la chumbani kwangu. Ni la chumbani kwangu. Nimelifuta vumbi.

Jumamosi, 15 Machi

Teksi ilikuja mapema. Mama Mdogo akashuka, akashika ukuta wa geti. Kutoka huku juu alikuwa mdogo kama mtoto wa shule, ana kofia ya sufu ingawa jua lilikuwa kali. Mama akafungua dirisha, akainama nje. Mimi nilimshika gauni kwa nyuma asianguke. Kazi yangu ilikuwa hiyo.

Kwanza waliitana kwa sauti. Barabara ina kelele, hakuna aliyesikia kitu. Ikabidi wapigiane simu huku wanatazamana. Nilisikia upande mmoja tu. Mama alisema umekonda. Akasema geuka kidogo nikuone. Akasema kofia hiyo nani kakununulia, haikupendezi. Akacheka. Nikaona huko chini na mwenzake anacheka, kwa mabega.

Kisha Mama Mdogo akaacha ukuta, akatembea kuelekea mlango wa jengo, akatupotea chini yetu.

"Usipande," Mama alisema kwenye simu. "Usipande, mdogo wangu. Unanisikia? Ukipanda nitakasirika mpaka nife."

Dereva wa teksi akakimbia ndani. Baadaye wakatoka pamoja, kamshika mkono, na Mama Mdogo akarudi kushika ukuta wake akiwa ameinamisha kichwa. Kila mmoja alikuwa na simu sikioni, na nilisikia pumzi tu. Kioo cha ukutani hakikutajwa. Dereva alipiga honi kwa upole, kama anayeomba radhi. Teksi ilipopotea, Mama aliendelea kupunga mkono.

Nilimwambia zile waya zilikuwa mbovu sana. Hakuniuliza mimi, nilisema mwenyewe. Akaniambia nifunge dirisha, kuna baridi. Hakukuwa na baridi. Nimefunga.

Nilikwenda jikoni nikasimama. Nimeumia, siwezi kusema uongo humu. Nilitaka kurudi nimwambie kitu. Kwa kufikiri zaidi, nadhani lawama nyingine ni ya mwenye jengo. Angejenga ghorofa ya saba, Jumatatu ile lifti ingeonekana ina akili timamu.

Jumatatu, 17 Machi

Bosi ameniita peke yangu. Nikajua ndiyo siku, kumbe amefungua kitengo kipya, cha milango ya umeme, na anatafuta mkuu wake. Ofisi yake mwenyewe, dirisha, ufunguo. Ndio uhamisho ule aliokuwa akiuongelea kwenye simu! Akasema aliyekuwa moyoni mwake tangu mwanzo ni mimi, kwa kuwa nimekaa naye siku nyingi.

"Lakini nikikuhamisha wewe," alisema, "ile programu nani ataielewa? Nimejaribu kuisoma, nimeumwa kichwa. Wewe huondoleki, ndugu yangu."

Akanipiga bega. Bi Risiti ndiye mkuu wa kitengo. Mimi nabaki na lifti, na kwa kuwa ofisi imepungukiwa mtu, hata simu za wateja nitapokea mimi. Meza ileile. Kiti kilekile.

Kabla ya kuhama, Bi Risiti aliomba ruhusa ya kuipanga programu ya jengo letu, na Bosi akampa. Alimaliza kabla ya mchana, kama alivyosema. Alasiri fundi akarudisha waya zake, ambazo hazikuwa na kosa lolote, akanitazama, safari hii hata hakuguna. Nikaingia ndani. Nikabonyeza sita. Ikapanda. Ikafika. Ikasimama sawa kabisa na sakafu yetu, milango ikafunguka taratibu.

Nikamwita Mama. Alikuja mpaka mlangoni, akachungulia ndani ya lifti, taa mpya, kioo kipya, harufu ya rangi. Nikamwambia haya sasa, iko tayari, unataka kwenda wapi?

"Niende wapi?" aliniuliza.

Alilisema kama swali la kawaida, kama mtu anayengojea kuelekezwa. Milango ikajifunga yenyewe, naye akarudi ndani.

Alhamisi, 20 Machi

Nimeisoma programu ya Bi Risiti. Sikupenda. Kila fanksheni inatangaza mlangoni kwake inapokea nini na inarudisha nini. Taa inapewa nakala, mota inapewa anwani, cha kuhesabia kinazaliwa na kufa ndani kimya kimya. Kikopo cha ghorofa kinaitwa ghorofa_ya_sasa. Ghorofa ya sasa! Hata mpita njia anaweza kuelewa. Amefichua kila kitu, mtu yule hana hata haya.

Nikageuka, Bosi nyuma yangu, anasoma. Anasoma na anaelewa! Akasema kumbe ni rahisi namna hii. Akasema basi sasa hata mimi wanaweza kunifikiria, labda mwakani, kitengo kingine kikifunguliwa.

Kunifikiria. Mtu akishaanza kukufikiria, umekwisha. Siku tatu zilizopita nilikuwa siondoleki, leo nafikiriwa.

Nimetafakari sana nilipokosea mara ya kwanza, maana mimi si mtu wa kurudia makosa. Nimepata jibu. Herufi moja ni chache mno. Herufi zikiwa chache, fanksheni zinagombania. Nilipaswa kutumia herufi mbili mbili! Ghorofa itakuwa nn. Ya kuhesabia pia nn, lakini hiyo nitakumbuka kutoitumia pale kwenye taa. Leo nimevitoa vikopo vyote ndani ya fanksheni za Bi Risiti na kuvipandisha juu, palipo wazi, panapofikika na wote. Kesho asubuhi napakia.

Mama bado anakaa chumbani kwangu, dirishani. Sijamuuliza kwa nini haendi la sebuleni. Nadhani ameanza kuzoea nyumba.

Ijumaa, 21 Machi

Nimepakia. Inakwenda, kwa kiasi fulani. Milango inafunguka chini, inafunga, inafunguka, inafunga. Kwa maoni yake iko ghorofa ya kumi na nne, yaani vijiti saba vimehesabiwa mara mbili. Ni jambo dogo, nitalipata.

Lakini kuna habari njema, naiandika kwa furaha. Mama Mdogo amepiga simu asubuhi. Amefika, yuko salama, moyo unasumbua lakini yuko salama. Waliongea muda mrefu. Nilipokuwa nafunga kamba za viatu nishuke kupakia, Mama akatoka chumbani, amevaa gauni la kijivu. Akaniuliza kama lifti inafanya kazi leo. Akasema anataka kushuka mara moja tu, mpaka getini, asimame pale aliposimama mdogo wake, aushike ule ukuta, kisha arudi.

Tangu Jumamosi hajaniomba kitu. Nilifurahi mpaka nikamkumbatia. Nikamtolea kiti, nikakiweka nje ya mlango wa lifti, nikamkalisha vizuri. Nikamwambia asubiri kidogo tu, naiboresha.